Kihansi: Korongo Linalostahili Kuongezewa Maji

Vyura wa Kihansi wana faida gani mpaka zitumike fedha zote zile kuwaokoa? Swali hili limedumu vijiweni Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20, na kasoro yake ni kwamba limeanzia mwisho. Gharama za Kihansi hazikuletwa na chura. Zililetwa na uamuzi wa kulifungia maji korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, ili kuzalisha umeme, kabla halijachunguzwa ipasavyo, na fedha zilizofuata zilikwenda kutibu matokeo ya uamuzi huo. Leo nchi ina umeme ambao miaka ile haikuwa nao. Kwa hiyo mgao wa maji uliopangwa wakati wa shida ya umeme hauna budi kupigiwa hesabu upya, na kwa maoni yangu hesabu hiyo inalipa korongo maji zaidi.

Mto Kihansi unaanzia nyanda za juu mkoani Iringa, kwenye mabonde ya vijiji, mashamba ya mahindi na misitu ya kupandwa. Ukifika ukingo wa kusini wa milima ya Udzungwa, ardhi inakatika. Ndani ya kilomita chache maji yanashuka takriban mita 850, poromoko baada ya poromoko, mpaka bonde la Kilombero. Anayesafiri kwa treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam huiona milima hiyo upande wake wa kulia baada ya Ifakara, kabla ya kufika Mlimba. Wengi wanaipita bila kujua kwamba sehemu ya umeme wa nyumbani kwao inatoka pale.

Kwa mhandisi wa umeme, mteremko wa namna hiyo ni hazina. Mtera ina ziwa kubwa, lakini maji yake hayaanguki kutoka juu sana. Kihansi inahitaji maji kidogo tu, kwa kuwa yanaanguka kutoka mbali. Ukuta wa bwawa una kimo cha mita 25 na ziwa lililo nyuma yake lina ukubwa wa hekta 26 hivi. Maji yanaingizwa handakini, yanashuka ndani ya mwamba, yanagonga mashine tatu za megawati 60 kila moja zilizojengwa chini ya ardhi, kisha yanarudi mtoni chini ya korongo. Jumla ni megawati 180. Umeme huo unasafiri kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kupitia Kidatu na Morogoro mpaka Ubungo.

Mradi ulianza kujengwa mwaka 1994, kipindi ambacho ukame ulikuwa umekausha mabwawa na mgao wa umeme ulikuwa umewachosha watu wa mjini. Mashine zikaanza kazi mwishoni mwa 1999 na uzinduzi rasmi ukafanyika mwaka 2000. Haraka ile inaeleweka. Viwanda vilikuwa vinasimama na hospitali zilikuwa zinaendeshwa kwa jenereta. Lakini haraka hiyo hiyo ndiyo iliyofanya tathmini ya mazingira ijikite kwenye bwawa, barabara na makazi ya watu, huku korongo lenyewe, yaani sehemu ambayo ingenyang'anywa maji, likiachwa bila kuchunguzwa kwa kina. Mara nyingi bwawa dogo huhesabiwa kuwa na madhara madogo. Kihansi ilionyesha kwamba ukubwa wa ziwa haukuambii lolote kuhusu madhara yaliyo chini ya ukuta.

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshika kasi, watafiti walioingia korongoni walikuta chura ambaye sayansi haikuwa imemjua. Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne waliomwelezea kitaalamu na kumpa jina la Nectophrynoides asperginis. Ni chura wa rangi ya manjano. Jike halifiki sentimita 3 na dume ni dogo zaidi. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea kwenye madimbwi ya Jangwani au Msimbazi. Anazaa watoto waliokamilika, wenye miguu yote minne, wa rangi ya zambarau na urefu wa milimita 5 hivi. Mmoja angeenea kwenye ukucha wa kidole chako cha mwisho. Ukitazama mahali alipoishi utaona faida ya uzazi huo. Kando ya maporomoko yanayotimka usiku na mchana, mayai na viluwiluwi visingedumu, maana maji yangevizoa.

Makazi yake yote duniani yalikuwa takriban hekta 2, kama viwanja vitatu vya mpira, kwenye miteremko inayopigwa na manyunyu ya maporomoko. Hakuna mahali pengine alipopatikana.

Namna manyunyu hayo yalivyofanya kazi inafaa kuelezwa taratibu, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha mgogoro mzima. Maji mengi yakianguka kwa kasi husukuma hewa mbele yake. Yakigonga mwamba hupasuka kuwa matone madogo mno, na upepo uliozaliwa na anguko lenyewe huyabeba matone hayo mpaka kwenye miteremko ya pembeni. Hivyo korongo lilikuwa na vitu vitatu kwa pamoja: unyevu usiokatika, upepo usiotulia na ubaridi usiobadilika sana kati ya mchana na usiku, masika na kiangazi. Juu ya udongo mwembamba uliotandazwa kwenye mwamba paliota selaginela, mmea mdogo unaotambaa, jamaa ya mbali ya kangaga. Ulisukana kama zulia zito, na ndani yake waliishi wadudu wadogo ambao chura aliwala. Miti mikubwa haikuweza kuota pale, kwa hiyo mwanga ulifika chini. Manyunyu yakiondoka, zulia linakauka, magugu na vichaka vya kawaida vya msituni vinajipenyeza, na siafu, ambao hawakuweza kupita penye maji, wanaingia.

Ndivyo ilivyokuwa. Mto ulipogeuziwa handakini, korongo lilipoteza zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za maji yake, na miteremko ile ikaanza kukauka ndani ya miezi michache.

Hatua ya kwanza ya dharura ilikuwa kuhamisha vyura wa kuzalishia. Mwezi Desemba 2000, vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, wakaanzia Bronx Zoo mjini New York kabla ya baadhi kugawiwa bustani nyingine. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Walikufa kwa minyoo ya mapafu na kwa kasoro za lishe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfuga mnyama huyu na kila kitu, kuanzia taa mpaka aina ya nzi wa kuwalisha, kilibidi kijaribiwe upya. Ilifika mahali wakabaki wachache mno. Waliofanikiwa kuwazalisha kwa wingi ni Bronx na Toledo, huko Ohio.

Hatua ya pili ilikuwa kutengeneza manyunyu ya kubuni. Mabomba yalitandazwa korongoni, maji yakachotwa juu zaidi yashuke yenyewe bila pampu, na nozeli, yaani vichwa vya kunyunyizia maji, zikasimikwa kwenye miteremko ili zirushe umande. Kazi hii ilifanywa kwa ustadi na ilileta matokeo: mimea ya unyevunyevu ikaanza kurudi, na kufikia Juni 2003 vyura porini walikadiriwa kuwa takriban 20,000.

Hata hivyo mfumo huo una udhaifu wa kimaumbile. Nozeli ina tundu dogo, na mto unaobeba udongo unaiziba. Chujio linapunguza tatizo, lakini nalo lazima lisafishwe, na mtu wa kulisafisha lazima atelemke korongoni kwenye mwamba unaoteleza. Nozeli iliyoziba nusu hairushi umande tena. Inadondosha matone makubwa yanayochimba udongo badala ya kuulowesha. Bomba likipasuka sehemu moja, mteremko mzima ulio chini yake unakosa maji. Na hata mfumo ukiwa mzima, hauleti upepo. Unalowesha, lakini haupozi wala hausukumi hewa kama maporomoko yalivyofanya.

Baada ya Juni 2003 mambo yakaharibika kwa kasi ya kutisha. Januari 2004 walionekana vyura watatu tu. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kimataifa kuwa ametoweka porini. Wataalamu wanataja mambo matatu yaliyoangukia msimu mmoja. La kwanza ni fangasi wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya chura. Chura anapumua na kunywa kwa ngozi, kwa hiyo ngozi ikiharibika anakufa. Fangasi huyu hustawi kwenye ubaridi wa wastani, nyuzi 17 mpaka 25, na korongo lile ni la ubaridi. La pili ni hitilafu ya mfumo wa manyunyu wakati wa kiangazi. La tatu ni kufunguliwa kwa lango la bwawa ili kusukuma tope lililojaa, tope lililokutwa na viuatilifu vinavyotumika kwenye mashamba ya mahindi ya juu.

Watu wengi hupenda kumaliza mjadala kwa fangasi: ni ugonjwa, haikuwa kazi ya bwawa. Mimi sioni hivyo. Mnyama mwenye makazi ya hekta 2, aliyekwisha kunyang'anywa maji na upepo, akategemea nozeli, hana pa kukimbilia ugonjwa ukija. Korongo lenye maji yake lingekuwa na nafasi ya kuhimili pigo moja. Lile lilipigwa mara tatu likiwa tayari limedhoofika.

Kusukuma tope nako si kosa. Bwawa dogo lisiposafishwa linajaa mchanga, na mchanga unatafuna mashine. Suala ni lini na kwa utaratibu gani. Lango likifunguliwa kiangazi, mto ukiwa mdogo, tope linashuka likiwa zito na sumu yake haichanganyiki na maji ya kutosha. Likifunguliwa katikati ya masika, Machi au Aprili, mto ukiwa umefurika, madhara yanapungua sana. Kabla ya kulifungua, wasimamizi wa korongo wapewe taarifa, bomba la kuchotea maji ya manyunyu lifungwe, na lisifunguliwe mpaka maji yasafike. Lango lenyewe lifunguliwe hatua kwa hatua, kwa maana wimbi la ghafla linakwangua udongo mwembamba wa miteremko na kuondoka na kila kilichomo. Utaratibu huu hauhitaji mtambo mpya, unahitaji kalenda na simu.

Kwa wageni na watafiti ipo kanuni nyingine ambayo haifai kulegezwa. Viatu vipigwe brashi kwanza mpaka tope lote litoke, ndipo viloweshwe dawa ya klorini. Ukianza na dawa juu ya tope, dawa inaishia kwenye tope na fangasi aliye chini yake anabaki salama. Kisha viatu vianikwe juani vikauke kabisa, kwa kuwa kinachomuua fangasi huyu kirahisi ni ukavu na joto. Mabuti yanayoachwa korongoni na kutumiwa huko huko ni bora kuliko yanayosafiri kutoka kijito kimoja hadi kingine.

Agosti 2010 vyura 100 walirudi nchini, wakawekwa kwenye kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Mwishoni mwa 2012 kundi la kwanza likarudishwa korongoni, na kazi hiyo ikaendelea kwa awamu katika miaka iliyofuata. Kabla ya hapo ilibidi ijaribiwe iwapo vyura wanaoishi na fangasi yule korongoni wangeambukiza wenzao waliokulia kwenye vyumba safi. Kumfuga Dar es Salaam nako kuna shughuli yake. Januari na Februari joto la jiji linafika nyuzi 32, nalo linatosha kumuua chura wa korongo la baridi. Chumba lazima kipozwe saa zote, maji yachujwe, umande urushwe kwa vipindi, na nzi wadogo wa kuwalisha wafugwe humo humo, maana hawa hawali punje. Umeme ukikatika saa kadhaa bila jenereta, kizazi kinachoendelezwa pale kinaingia hatarini. Vijana wa Kitanzania waliojifunza kazi hii wana ujuzi ambao ni watu wachache duniani wanao, na jiji hili halijawapa heshima wanayostahili.

Chura, hata hivyo, ndiye aliyepata umaarufu tu. Korongo lina mengine. Mwaka 2004 ilielezwa kitaalamu aina ya kahawa pori, Coffea kihansiensis, iliyopatikana kwenye msitu wa korongo hilo. Nchi inayouza kahawa ina kila sababu ya kulinda jamaa wa porini wa zao lake, kwa kuwa mbegu za kuhimili magonjwa na ukame hutafutwa kwa jamaa hao. Milima ya Udzungwa yenyewe iko kwenye Tao la Mashariki, mlolongo wa milima mikongwe ambayo misitu yake imedumu na unyevu wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba kila bonde lina viumbe vyake. Kima aitwaye Sanje alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1979 tu, na kwale wa Udzungwa mwaka 1991. Mahali panapoendelea kutoa viumbe vipya namna hiyo hapafai kupangiwa mradi kwa kutazama ramani.

Sasa turudi kwenye hesabu ya maji, ambayo haielezwi vya kutosha kwa wananchi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Ikianguka mita 850 kila sekunde, na mashine ikanasa asilimia 90 ya nguvu yake, inatoa takriban megawati 7.5. Mashine moja ya megawati 60 inahitaji mita za ujazo 8 kwa sekunde, na zote tatu zinahitaji 24. Mtiririko wa wastani wa mto Kihansi ni takriban mita za ujazo 16 kwa sekunde. Maana yake, kwa wastani mto una maji ya mashine mbili, na mashine ya tatu inategemea masika au akiba ya saa chache iliyomo bwawani. Korongo lenyewe linaachiwa kati ya mita za ujazo 1.5 na 2.

Tuchukulie korongo lipewe 4, yaani nyongeza ya 2. Gharama yake ni megawati 15, robo ya mashine moja. Kwa mwaka mzima ni takriban uniti milioni 131. Ukizipigia bei ya mteja wa kawaida, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, unapata kama shilingi bilioni 38. Fedha hizo si kidogo na sitaki zionekane kidogo. Lakini bei hiyo ina maana pale tu ambapo kila uniti ya Kihansi inahitajika na hakuna mtambo mwingine wa kuziba pengo. Mwaka 1999 ilikuwa hivyo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine 9 za megawati 235, jumla megawati 2,115. Megawati 15 ni chini ya asilimia 1 ya hizo. Machi 2024, bwawa hilo likiwa ndiyo kwanza limeanza na mashine moja, mvua zikiwa nyingi, Serikali ilieleza kuwa vituo vitano vya umeme wa maji vilikuwa vimezimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Nchi inayoweza kuzima vituo haiwezi kusema haina robo ya mashine ya kuliachia korongo.

Maji yenyewe hayapotei. Yapite handakini au yapite korongoni, yanafika Kilombero, yanaungana na Rufiji na kuingia Bwawa la Nyerere lile lile. Kinachoachwa ni nguvu ya anguko la Kihansi peke yake.

Wataalamu wa gridi wana hoja ya kweli hapa, na inastahili jibu. Kutegemea kituo kimoja kikubwa ni hatari: njia moja ya msongo mkubwa ikileta hitilafu, nchi nzima inaweza kuzama gizani, na vituo vya mbali kama Kihansi na Kidatu ndivyo vinavyosaidia kuinua gridi. Kihansi pia hubeba kilele cha jioni, saa moja mpaka saa nne usiku, kwa kuwa mashine zake zinawaka haraka. Nakubali. Ndiyo maana nyongeza iandikwe ikiwa na sehemu mbili. Kiwango cha chini cha sasa kisiguswe kwa sababu yoyote ile, iwe hitilafu, iwe ukame. Nyongeza ya juu yake iweze kupunguzwa wakati wa dharura ya gridi, kwa saa zilizotajwa, na irudishwe taratibu. Na mita hizo 4 zisichukuliwe kuwa ndizo tamati. Zipimwe kwa unyevu wa hewa na hali ya selaginela kwa misimu kadhaa, na zisipotosha ziongezwe.

Haya yafanyike mapema, kwa sababu ziada haidumu. Treni ya umeme, viwanda na majiko ya umeme vinaongeza mahitaji mwaka hadi mwaka. Maji ambayo hayajaandikwa kwenye kibali wakati umeme ni mwingi hayataandikwa wakati ukiwa haba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua mahitaji ya mazingira kuwa ni sehemu ya akiba ya lazima ya mto. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, ndiyo yenye mamlaka ya vibali. Msingi wa kisheria upo.

Hata hivyo lita za maji peke yake hazitoshi ikiwa ni maji machafu, na hapa ndipo utamaduni wa watu wa juu ya bwawa unapoingia kwenye hesabu. Mabonde ya kule hulimwa vinyungu. Mvua zikikaribia kwisha, mkulima hufyeka nyasi za bondeni, huzifukia na kuinua matuta juu yake, huku akiacha mifereji katikati ili maji yaliyozidi yatoke. Nyasi zinaoza ndani ya tuta na kuwa mbolea, unyevu unapanda kutoka chini, na mahindi mabichi, maharage na mboga vinavunwa wakati mashamba ya mlimani ni vumbi tupu. Ni elimu ya vizazi vingi, na familia nyingi hupata ada ya shule kutokana nayo.

Pembeni mwa mabonde hayo hupandwa mianzi ya ulanzi. Chipukizi hukatwa ncha, hufungiwa mbeta, chombo cha kukingia utomvu, na mgemaji hurudi asubuhi na jioni kulikata tena kidogo ili utomvu usikauke. Ulanzi unanyweka kwenye kazi za ujima, misiba na harusi za Wahehe na Wabena. Mizizi ya mianzi hiyo inashika vizuri udongo wa ukingo, na mtu anayeitunza kwa ajili ya ulanzi anatunza pia nozeli ya korongoni, hata kama hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Mambo yanayoharibu ni mengine, na mengi ni mapya. Mifereji ya vinyungu ikichimbwa kirefu mno, bonde linakauka na kiangazi mto unapungua. Mikaratusi ikipandwa bondeni inafyonza maji ambayo mianzi ingeyaacha. Dawa za kuua wadudu zikipulizwa kwenye matuta yaliyo hatua chache kutoka mtoni, mvua ya kwanza inazishusha bwawani, nazo hukaa kwenye tope zikisubiri lango lifunguliwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye bonde jembamba la Mufindi, mita 60 kila upande ndiyo bonde zima. Kuitekeleza kwa mgambo ni kufuta vinyungu, kumfukuza mkulima na kumpa sababu ya kumchukia chura. Mimi naona bora kukubaliana naye mambo machache yanayowezekana: ukanda mwembamba wa mianzi na majani usiolimwa kando ya maji, mifereji yenye kina kinachojulikana, mikaratusi ing'olewe bondeni na apewe miche mingine ya mlimani, na sumu isipulizwe kwenye matuta ya jirani na mto.

Makubaliano hayo yana gharama, na anayepaswa kuibeba ni mtumiaji wa umeme. Wakazi wa Dar es Salaam tayari tunaona kwenye risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini. TANESCO, shirika la umeme, nayo hulipa ada ya matumizi ya maji kwa bodi ya bonde. Kwa kila uniti milioni 100 zinazozalishwa Kihansi, shilingi moja kwa uniti ni shilingi milioni 100. Fedha hiyo ikipelekwa moja kwa moja kwenye vijiji vya juu ya bwawa, kwa mkataba unaotaja kingo zipi zimeachwa na mabonde yapi yameondolewa mikaratusi, itafanya kazi kuliko makongamano mengi.

Wanaouliza thamani ya kiutamaduni ya korongo wakumbuke pia kwamba maji ya Kihansi ni maji ya Rufiji. Mwaka 1905, kwenye bonde hilo hilo la Rufiji na Umatumbi, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali kwa nguvu ya maji, kwa jina la Hongo, roho iliyoaminika kukaa majini. Mto huo haujawahi kuwa bomba machoni pa watu wanaoishi kando yake. Una misitu ya matambiko, una makaburi ya wazee, una mahali ambapo mtu haendi kukata kuni. Makatazo hayo yamehifadhi vyanzo vingi kabla ya hifadhi yoyote ya Serikali, na popote yanapoheshimiwa bado, yaandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji ili yapate nguvu ya kisheria.

Kuna jambo moja linaloweza kuanza mwezi ujao bila kusubiri kibali kipya. Chini ya ukuta wa bwawa maji yanayoachiwa korongo yanapimika. TANESCO, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na NEMC, baraza la taifa la mazingira linalosimamia uhifadhi wa korongo, ziwe zinatangaza kila wiki namba tatu: mto umeleta mita ngapi za ujazo kwa sekunde, mashine zimechukua ngapi, korongo limepewa ngapi. Ziwekwe kwenye tovuti na kwenye ubao wa ofisi za vijiji, pamoja na tarehe za kusafisha tope. Mwanafunzi wa Mlimani, mkulima wa kinyungu na mteja wa LUKU wa Ubungo wataweza kuona wiki ambayo korongo limepunjwa, na kuuliza ni kwa sababu gani, wiki hiyo hiyo.